Mzunguko wa Pili wa Kiwavi

Delmar Krupa alipompigia simu binti yake na kumwomba amwachie Junie kwa Jumamosi moja, Paula alinyamaza hadi baba mtu akadhani simu imekatika.

"Junie?" akauliza Paula mwishowe. "Wewe unataka kutoka na Junie?"

"Mbona unashangaa? Si mjukuu wangu?"

"Ni mjukuu wako tangu azaliwe, baba. Sijakataa. Nashangaa tu."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Wakati wa baridi Delmar alipatikana nyumbani kwake, hapo hapo Ohio, mitaa michache kutoka kwa Paula. Lakini bustani za michezo zikishafunguliwa mwezi wa Mei, ungemtafuta usimwone. Leo yuko Pennsylvania, kesho Indiana, wiki ijayo amevuka mpaka kwenda Kanada, na kote huko anafuata kitu kimoja: rolakosta, zile treni za kuchezea zinazovutwa juu kwa mnyororo kisha zinaachiwa ziporomoke na watu wake wakipiga mayowe. Siku za kuzaliwa za Junie zilimpita akiwa kwenye foleni. Alituma kadi, tena nzuri, yenye picha ya rolakosta.

Kuna watu wanaopenda rolakosta, na kuna watu wanaozihesabu. Delmar alikuwa wa hao wa pili. Kwa wanaohesabu, kila rolakosta ni moja tu, hata ukiipanda mara mia. Na kubwa na ndogo ni sawa: ile inayopaa kuliko mnara wa kanisa ni moja, na ile ya watoto iliyo kimo cha kabati la nguo ni moja. Ndiyo maana utawakuta wazee wenye mvi na goti bovu wamejikunja kwenye vigari vya watoto, wamebana magoti kidevuni, na nyuso zao hazina hata chembe ya mzaha.

Msimu huo hesabu ya Delmar ilikuwa imebakiza mbili kufika mia tano. Alikwishapanga kwamba ya mia tano iwe Mbweha, rolakosta ya mbao iliyo katika bustani ya Ketterman, kule kwenye milima ya Pennsylvania. Miaka mingi alikuwa akiizunguka bila kuipanda, kama mtu anayeacha kipande kizuri cha nyama kiwe cha mwisho. Rafiki zake wawili, Gus na Winnie, waliahidi kuja na bango la kupigia picha. Ilibaki kupanda moja kabla ya Mbweha, na hiyo moja ilikuwa pale pale Ketterman: Kiwavi, treni ya watoto.

Shida ni kwamba Kiwavi habebi mtu mzima asiye na mtoto. Hiyo ni sheria ya karibu kila bustani, na wanaohesabu wana namna zao za kuizunguka. Huyu huazima mpwa, yule mtoto wa jirani. Winnie alishawahi kumwomba mama mmoja kwenye foleni amwazime mwanawe kwa dakika mbili, akapewa karipio alilolisimulia miaka yote. Delmar alikuwa akiwacheka. Yeye, alisema, hajafikia huko.

Hayo yote hakumwambia Paula.

"Basi sikiliza," Paula akasema kwenye simu. "Junie haogopi watu wala giza. Anaogopa vitu vya juu, na hapendi kustuliwa. Usimpandishe kitu asichotaka."

"Nitamtunza, mwanangu. Mimi ni mgeni wa mambo haya?"

"Kwa rolakosta si mgeni," akajibu Paula. Lakini sauti yake ilikuwa imelainika, na Delmar alisikia furaha ndani yake, na akajifanya hakuisikia.

Junie alikuwa na miaka sita. Alianza kufunga begi lake Alhamisi. Aliweka taulo, kopo la vibanio vya nywele, na mkate uliokauka wa kuwalisha samaki, kwa maana alikuwa ameambiwa bustani ya Ketterman ina bwawa. Shuleni alimwambia mwalimu wake, na mwalimu akamwambia Paula pale mlangoni huku akitabasamu, kwamba Jumamosi Junie hatakuwapo mjini, babu yake amemchagua.

Paula alimfikishia Delmar maneno hayo asubuhi ya Jumamosi alipokuja na gari. "Amemwambia mwalimu kwamba umemchagua," alisema, akifunga mkanda wa mtoto. Delmar akacheka, akaangalia matairi.

*

Safari ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba ilikuwa nzuri kweli. Junie aliuliza maswali ambayo watu wazima walikwisha kuchoka kumuuliza babu yake.

"Babu, ipi kali kuliko zote?"

"Inategemea kali ya namna gani. Kuna kali ya kukimbia na kali ya kukunyanyua. Ile ya kukunyanyua, treni ikivuka kilele, wewe unabaki hewani kidogo. Makalio yanaachana na kiti."

Junie alicheka neno makalio mpaka akashika tumbo.

"Na mimi nikae wapi?"

"Ukitaka kuona, kaa mbele. Ukitaka kurushwa, kaa nyuma kabisa, maana kigari cha nyuma kinavutwa kuvuka kilele na vya mbele. Za chuma ni sawa kutwa nzima. Za mbao zina tabia. Asubuhi zimelala, mchana magurudumu yakishapata moto ndipo zinaamka. Kwa hiyo siku zote unaanza na zile ndogo zenye foleni ya pole pole, za mbao unazikawiza."

"Kama mama, asubuhi hajaamka mpaka anywe kahawa."

"Kama mama yako hasa."

Wakaenda hivyo, vilima vikianza kuinuka pande zote mbili. Kisha Junie akasema, akiwa ameangalia dirishani, "Mimi naogopa vya juu, Babu. Mama alikuambia?"

"Aliniambia. Kuna kadogo kamoja tu, kana sura ya kiwavi. Hata si ka juu."

"Lazima?"

"Tutaona," Delmar akasema.

Junie alijua maana ya neno hilo linapotoka kwa mkubwa. Hakuuliza tena, akaanza kuzungumzia samaki.

Gus na Winnie walikuwa wakiwangoja langoni. Gus Tomczak alikuwa mtu mpana mwenye sauti pana vilevile, fundi wa boila mstaafu kutoka Erie. Winnie Ott alikuwa mwembamba, mwuguzi wa zamani, na alitembea na mfuko mkubwa ambao ndani yake hakikosekani kitu. Walikuwa wamezunguka na Delmar miaka mingi, wakilala hoteli za bei ya chini na kubishana usiku kucha kama kiti cha mbele kinashinda cha nyuma.

"Mzee wa mia tano," Gus akaita toka mbali. "Nilidhani utakuja na fimbo."

"Fimbo nimekuachia wewe, utakapofika mia tatu."

"Tazama maneno yake. Na huyu ndiye?" Gus akainama kumtazama Junie kwa uso mwema kabisa, maana hakuwa mtu mbaya. "Huyu ndiye tiketi yako ya Kiwavi?"

Winnie akamfinya mkono. Lakini neno lilikwisha kutoka.

"Tiketi gani?" Junie akamuuliza babu yake.

"Gus ana utani mwingi. Mzoee tu."

Junie akamtazama Gus, akamtazama babu yake, akashika kamba za begi lake.

*

Wakaenda kwa Kiwavi kwanza, kama mpango ulivyosema. Foleni ilikuwa ya kinamama na watoto, na hao wazee watatu walisimama humo kama miti iliyoota bustani ya mboga. Ili kupitisha wakati wakalinganisha, kama kawaida yao: ile ya Ohio inayotetemesha meno, ile ya Indiana yenye mteremko mrefu msituni. Gus akaleta habari ya Lyle.

Lyle alikuwa mwenzao mmoja aliyepanda treni ya watoto mwaka uliotangulia. Treni hiyo huzunguka mara mbili, lakini mtoto mmoja alianza kutapika, ikasimamishwa baada ya mzunguko wa kwanza. Lyle akajihesabia. Kwenye mkutano wao wa majira ya baridi Delmar alisimama mbele ya watu akasema haihesabiki, safari isiyomalizwa si safari, na Lyle akaifuta huku masikio yamemwiva.

"Mpaka leo hanisalimii vizuri," Delmar akasema, na kidogo akajivunia.

"Hata mimi nisingekusalimia," akasema Winnie.

Junie alikuwa hasikilizi. Alikuwa anamtazama Kiwavi. Kiwavi alipanda kilima chake kwa kelele za mnyororo, akashuka akipinda, akaingia ndani ya tofaa kubwa la plastiki kulikokuwa na giza, akatoka, akafanya tena. Mtoto mmoja alishuka akicheka. Mwingine alishuka amejificha shingoni mwa mama yake.

"Babu, mimi nitakungoja hapa na Bibi Winnie."

"Peke yangu hawaniruhusu, mama."

"Kwa nini?"

"Ndiyo sheria yao. Mkubwa hapandi bila mtoto."

"Basi tuache. Twende kwa samaki."

"Samaki tutakwenda. Tukimaliza hapa."

"Sitaki, Babu." Alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuiagiza.

Foleni ikasogea. Nyuma yao kulikuwa na watu, mbele kulikuwa na geti. Delmar alipiga magoti akamshika mabega. Alitaka kusema kitu cha kumtia moyo, na labda angekipata kama angengoja kidogo. Lakini alikuwa na haraka, akasema kile kilichokuwa karibu.

"Junie, nimekuleta kwa ajili ya hiki."

Winnie akageuka akatazama pipa la takataka. Gus akakohoa.

"Kwa ajili ya hiki?" Junie akauliza.

"Yaani, kwa kuanzia. Ndiyo maana yangu."

Junie alimwangalia usoni, muda mrefu kwa mtoto. Kisha akavua begi lake na kumpa Winnie.

Mwendeshaji alikuwa msichana mwenye kofia ya kijani, wa umri wa kumaliza shule. Alipofunga chuma cha mapajani akaona mikono ya mtoto ilivyong'ang'ania kile chuma, akachuchumaa.

"Unataka kupanda, mpenzi? Au unataka kukaa na mimi unisaidie kugonga kengele?"

Hiyo ilikuwa nafasi, na ilitolewa kwa ukarimu. Junie aligeuka kwa babu yake. Delmar hakusema panda wala hakusema shuka. Alitabasamu tu, lile tabasamu la mtu anayesubiri.

"Napanda," Junie akasema.

Basi Kiwavi akaondoka. Delmar alikuwa amekaa magoti kidevuni, na kucha za Junie zikamwingia mkononi. Junie hakupiga kelele hata mara moja. Wengine wote walipiga. Yeye alifumba macho, akashusha kichwa, na kwenye mteremko alitoa pumzi kama mtu aliyetiwa maji baridi. Tofaa lilipowameza alisema kitu, na Delmar hakukisikia kwa mlio wa magurudumu.

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Treni ilipofika kwenye jukwaa ilipunguza mwendo, na Junie akafumbua macho, akavuta hewa, akalegea. Alidhani wamemaliza. Msichana wa kofia ya kijani alikuwa ameshika mpini wa breki, na macho yake yalikuwa kwa Delmar. Aliinua nyusi. Hakuna asiyejua swali lile. Nisimamishe?

Katika kufikiria jambo hili siku zilizofuata, Delmar alijaribu mara nyingi kujidanganya kwamba hakuwa na wakati wa kuwaza. Wakati alikuwa nao. Aliwaza juu ya Lyle. Aliwaza, safari isiyomalizwa si safari. Akamtazama msichana akatikisa kichwa: usisimamishe.

Mnyororo ukamshika Kiwavi tena.

Walikuwa ndani ya tofaa, gizani, Delmar aliposikia joto kwenye paja lake upande wa Junie, na akajua ni nini kabla hawajatokea mwangani.

*

Treni iliposimama watoto wengine walishuka, Junie akabaki ameketi na mikono yake imefunika mapaja. Delmar alisema, "Twende, mama," naye hakusogea. Msichana wa kofia ya kijani alikuja kufungua chuma, akaona. Hakukunja uso. Alirudi kwenye kibanda chake akatoka na ndoo ya maji, akawaambia watu wa foleni kwa sauti ya mchezo, "Samahanini, jamani, ni saa ya Kiwavi kuoga." Kisha akamwaga maji kiti baada ya kiti, treni nzima toka kichwani hadi mkiani, mpaka vyote vikawa vimelowa sawasawa na hakuna aliyeweza kusema maji yameanzia wapi. Kiti cha Junie alikimwagia pia, kidogo kidogo, na maji yakamfikia miguuni. Watoto wa foleni wakacheka wakataka nao kumwagiwa.

Delmar aliona hayo yote. Msichana asiyemjua mtoto hata jina alikuwa amefanya kazi iliyokuwa yake yeye, na aliifanya bila hata kumtazama.

Junie aliposhuka alimvuta babu yake sikio chini.

"Imehesabika?" akanong'ona.

"Imehesabika," Delmar akasema.

Winnie hakuuliza kitu. Alivua sweta yake akaifunga kiunoni mwa mtoto, akamshika mkono wakaenda chooni. Njiani alipita dukani akanunua kaptula ya pekee iliyokuwapo, ya mtoto mkubwa zaidi, yenye picha ya Mbweha mguuni. Suruali iliyolowa akaiosha kwenye sinki kwa harakaharaka na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

Wanaume wawili walibaki kwenye benchi.

"Ilikuwa lazima ule wa pili?" Gus akauliza. Sauti yake pana ilikuwa imejikunja. "Mmoja ungetosha, bwana. Nani angekuuliza?"

"Lyle."

"Lyle ana mambo yake. Hana habari na wewe."

 Kweli, Delmar aliona, ndiyo hiyo. Hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angemuuliza.

Hapo angeweza kusema, jamani, leo basi, turudi nyumbani. Alikuwa karibu kusema. Lakini Gus na Winnie walikuwa wameendesha kutoka mbali, na bango lilikuwa limekwisha kuandikwa, na Junie alipotoka chooni, kaptula imemfika chini ya magoti, alisema mwenyewe, "Sasa ile kubwa, Babu." Delmar aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika mkongojo wa kuazima. Mtoto mwenyewe kasema.

Chini ya Mbweha wakapiga picha. Junie aliomba kushika bango, likamfunika toka kidevuni hadi tumboni. Mia tano. Winnie alisema tabasamuni, wakatabasamu wote.

"Usilishushe hadi nirudi," Delmar akamtania, kwa kuwa hakujua la kusema.

Akakaa kiti cha nyuma kabisa, kama alivyokuwa amejiahidi miaka yote. Mbao zilikuwa zimeshapata joto, ule wakati wenyewe. Treni ikapanda, mnyororo ukigonga chini yake, miti ya bonde ikateremka, na alipofika juu akatazama chini kwenye njia. Aliona watu wadogo wadogo, na katikati yao kitu cheupe cha mraba kimeinuliwa juu. Junie alikuwa amelinyanyua bango juu ya kichwa kwa mikono yote miwili.  Winnie alikuwa ameinama akimwambia kitu, bila shaka kwamba apumzike, naye anatikisa kichwa. Alikuwa ameambiwa asilishushe.

Kutoka hapo Delmar hakumbuki kitu. Ile rolakosta aliyoitunza miaka yote, hawezi kukuambia mteremko wake wa pili unapinda upande gani.

*

Wakala mchana kwenye meza za mbao, maandazi ya kule, ya kuchemsha, yaliyojazwa viazi na jibini kisha yakakaangwa kwa vitunguu na siagi. Ni saa ambayo kwa kawaida watu hawa hawasikilizani, kila mmoja analinganisha.

"Haya, mzee," Gus akasema, akijaribu kuchangamsha. "Tupe. Anamshinda yule wa Indiana?"

"Ni mzuri," akasema Delmar.

"Mzuri tu? Wewe uliyenikesheza usiku mzima Erie kwa habari ya kilima kimoja?"

"Ni mzuri, Gus."

Gus akarudi kwenye sahani yake.

Junie alikula vizuri, akasema asante kwa kila kitu. Asante kwa soda, asante kwa kitambaa cha karatasi. Asubuhi ndani ya gari hakuwa akisema asante. Alikuwa akisema "Babu, hebu" na "Babu, wewe". Sasa alizungumza naye kama anavyozungumza na mwalimu mgeni.

"Sasa ni zamu yako," Delmar akamwambia. "Twende kwa samaki. Tukae huko mpaka uchoke."

"Si lazima, Babu," akajibu. Alifikiri kidogo. "Hawahesabiki."

Winnie aliweka uma chini.  Walikwenda bwawani hata hivyo, na Junie akatupa mkate wake wote vipande vidogovidogo, akamgawia kila samaki kwa haki, na hakucheka.

Njiani kurudi alilala, ama alijifanya amelala. Delmar alizima redio.

Paula alikuwa mlangoni kabla Delmar hajazima gari. Alimbeba mtoto, akambusu, akaona kaptula.

"Hii imetoka wapi? Suruali yako iko wapi?"

Junie akamtazama babu yake. Yale macho ndiyo Delmar hakuweza kuyasahau; hayakuwa ya kushtaki. Yalikuwa ya mtu anayemkinga mwenzake.

"Nilimwagikiwa na soda," Junie akasema.

"Soda?"

"Nyingi," akasema Junie.

Paula akamgeukia baba yake. "Soda?"

Na Delmar Krupa, mwenye miaka sitini na nane, mtu aliyesimama mbele ya mkutano mzima kumfutia mwenzake safari moja kwa ajili ya ukweli, akasema, "Ndiyo. Soda."

Aliaga. Aliketi ndani ya gari na ufunguo mkononi. Mfuko wa plastiki ulikuwa kwenye kiti cha nyuma, pale Winnie alipouweka. Angeweza kuutupa kwenye pipa lolote njiani. Paula angenunua suruali nyingine na jambo lingeisha, na Junie angebeba uongo ule peke yake, kwa ajili ya babu yake, maisha yake yote. Alikaa hapo mpaka taa ya barazani ikawashwa. Kisha akauchukua mfuko akarudi.

"Haikuwa soda," akamwambia Paula pale jikoni, na akamweleza yote. Hakujipunguzia. Alisema kwa nini alimwomba mtoto. Alisema msichana alimuuliza kama asimamishe, naye akakataa.

Paula alikuwa ameegemea friji, mikono kifuani. Alingoja hadi amalize.

"Nilipokuwa na miaka tisa," akasema, "nilikuwa nakaa chini ya hizo treni zako nikishika mikoba. Ulipopiga simu nikajiambia, labda sasa amekua." Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Sitakufokea, baba. Nimechoka. Lakini hayo usiniambie mimi. Mwenyewe yuko bafuni anapiga mswaki."

Junie alikuwa amesimama juu ya kigoda mbele ya kioo. Delmar alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, akawa mfupi kuliko yeye.

"Nimemwambia mama ukweli," akasema. "Ulisema soda kwa ajili yangu. Haikuwa kazi yako kunikinga. Mimi nilijua unaogopa, nikakupandisha. Na yule dada aliniuliza kama asimamishe treni, nikasema hapana."

"Nilimwona," Junie akasema, povu mdomoni. "Nilidhani utasema ndiyo."

 Maji yalikuwa yanadondoka bombani. Delmar akaukaza mfereji, ukaendelea kudondoka.

"Nisamehe, Junie."

Junie alitema, akasukutua, akapangusa mdomo kwa mpangilio. Alikuwa mtoto wa mambo yenye mpangilio.

"Mama anasema ukiombwa msamaha si lazima ujibu siku ile ile."

"Mama yako anasema kweli."

"Basi sitajibu leo."

"Sawa, mama."

"Usiku mwema, Babu." Akateremka kwenye kigoda, akampita, akaenda chumbani kwake. Mlango hakuupiga. Aliurudisha taratibu, hadi ukalia kidogo.

Delmar alirudi jikoni. Simu yake ilitetemeka mfukoni. Ni Gus, bila shaka, na ile picha. Hakuitoa. Paula alikuwa mbele ya sinki, amefungua mfuko, suruali ndogo iko mikononi mwake.

"Niachie mimi nifue," Delmar akasema.

"Kuna mashine, baba."

"Najua."

Paula alimtazama, kisha akaitazama suruali. Akafungulia maji ya moto, akaweka sabuni karibu na bomba, akasogea kumpa nafasi.